Swichi ya Sauti ya Pili

Mke wangu ameimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu tangu kabla hatujaoana. Mimi sijawahi kuiimba hata siku moja. Katika ibada huimba sauti ya kwanza, ile wanayoimba wanawake na watoto, nikiishusha hadi mahali koo langu linapofika. Nataja hili mapema kwa sababu bila hilo, kosa langu lisingewezekana.

Macho yake yalififia taratibu. Daktari alisema ni presha ya macho, akatupa dawa ya matone, nasi tukaitumia kwa utiifu, lakini nuru iliendelea kupungua. Aliacha kusoma Biblia ya maandishi madogo, kisha ile ya maandishi makubwa, kisha akaacha kuuona uso wangu, jambo ambalo anasema limemrahisishia ndoa. Namshukuru Mungu kwa yale aliyomwachia. Ndani ya kihamba chetu, shamba linaloizunguka nyumba, anatembea kati ya migomba na mibuni bila fimbo. Ng'ombe anamkamua mwenyewe. Mtori anaupika mwenyewe, na nikimsogezea sufuria bila kumwambia, nitasikia habari zake mpaka jioni.

Kilichomshinda ni nyimbo mpya. Za zamani anazo zote kichwani, lakini kwaya haiishi kwa nyimbo za zamani, hasa inapokaribia Sikukuu ya Mavuno, na wenzake hujifunza kwa karatasi. Mwalimu wa kwaya yetu ni kijana mwenye huruma. Alicheza kila sauti peke yake kwenye kinanda, sauti ya kwanza mpaka ya nne, kisha zote nne pamoja, akazirekodi na kunitumia kwenye simu ili mke wangu ajifunze nyumbani. Lilikuwa wazo jema. Lakini simu ya kisasa ni kioo kitupu. Mtu asiyeona hana pa kushika.

Kwa hiyo kila baada ya dakika chache niliitwa.

"Baba, imenyamaza!"

Naacha kukata majani ya ng'ombe, nanawa, naenda, nawasha.

"Baba, nimegusa kitu, sasa kuna mtu anahubiri!"

Naenda tena. Sikuchoka, naye hakuwahi kunilaumu kwa kuchelewa. Ila siku moja, akiwa anamenya ndizi, alisema bila kuinua kichwa, "Mwaka huu nikishindwa kujifunza wimbo wa mavuno mwenyewe, bila kumwita mtu, nitarudisha sare. Wampe mwingine. Siwezi kuwa mtu wa kusubiriwa kila mazoezi."

Ninamfahamu. Jambo analolisema huku akimenya ndizi huwa ameshaliombea.

Asubuhi iliyofuata niliingia stoo, nikasogeza magunia ya kahawa, nikaitoa redio yetu ya zamani. Ilikufa miaka mingi iliyopita, lakini ilikuwa na swichi ya kuzungusha iliyochagua masafa, swichi nzito ya hatua sita, na kila hatua ilitoa mlio, kak. Enzi zake mke wangu aliizungusha huku anakoroga chungu, mgongo umegeukia redio, na hakuwahi kukosea stesheni. Niliizungusha gizani humo stoo. Kak, kak, kak. Vidole vyangu vilijua viko wapi. Nikafungua skrubu, nikaitoa swichi, nikaifunga kwenye leso na kuteremka Moshi mjini.

Huko Majengo, karibu na msikiti, kuna fundi wa redio na vipaza sauti ambaye nilimfundisha fizikia sekondari. Sasa ni mama wa makamo, na hakuna kanisa wala msikiti upande ule ambao spika zake hazijapita mikononi mwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Umeniletea maiti tena?"

"Nimeleta kiungo kimoja tu. Maiti nimeiacha nyumbani."

Aliifungua leso, akaigeuza swichi, akaipima kwa mita, hatua moja baada ya nyingine. "Hii itatuzika sote, Mwalimu. Swichi za siku hizi hazifikishi Ramadhani mbili."

Nilimweleza habari za mke wangu. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akisikiliza darasani, kisha akafungua droo akatoa kibao cha kijani chembamba, hakizidi kidole gumba changu kwa urefu. Alisema hiyo ni kompyuta nzima, ndogo, na inaelewa lugha ya kuandikia programu iitwayo Python. Akaongeza kibao kingine cha kucheza muziki kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, pamoja na spika ya mviringo.

"Uniandikie na programu yake," nikamwambia.

"Sikuandikii. Siku ya mtihani wa vitendo nilikuomba unionyeshe waya wa kuanzia tu. Ulinionyesha?"

"Sikukuonyesha."

"Basi kaa hapo, Mwalimu, toa daftari."

Nikakaa. Nilishuka Majengo siku nne, na kati ya wateja wake alinifundisha kwa subira ambayo sina hakika kama mimi nilimfundisha nayo.

Jambo lenyewe nililielewa hivi. Swichi ina mguu mmoja wa katikati na miguu sita pembeni. Ukizungusha, wa katikati unagusana na mmoja tu kati ya wale sita. Kila mguu wa pembeni tuliuunganisha kwa waya na pini yake kwenye kile kibao, na kibao tukakiagiza kiziweke pini zote sita juu, yaani ziwe na umeme kidogo unaosoma moja. Mguu wa katikati tukauunganisha na upande hasi. Pini itakayoguswa itaanguka na kusoma sifuri. Hivyo programu haina kazi ngumu. Inapita kwenye orodha ya pini, inauliza kila moja, uko juu au uko chini, na ile iliyo chini ndiyo mahali swichi ilipo. Ni kama kuita mahudhurio katika darasa ambalo amekuja mwanafunzi mmoja.

"Zamani uliandika ubaoni kwamba swichi ni ya kuwasha na kuzima," fundi alisema.

"Nilikosea?"

"Hukukosea. Ulifupisha."

Nyumbani nilitengeneza kisanduku kwa mbao za mruka zilizobaki tulipotengeneza kabati, nikakitoboa tundu la spika na tundu la swichi, nikaweka kile kitufe kikubwa cha kuzungushia kilichotoka kwenye redio ya zamani. Mke wangu alikuwa jikoni. Nikawasha, nikazungusha kutoka hatua ya kwanza kuelekea ya mwisho. Kisanduku kikapiga kelele za ajabu. Vipande vya kila sauti vilitoka na kukatika, na kila nilipovuka hatua moja kwenda nyingine, besi, ile sauti ya nne, ilidakia katikati, buu, buu, buu.

"Baba," mke wangu akauliza kutoka jikoni, "hicho kitu kinaumwa?"

Nilimpigia simu fundi. Aliniuliza, "Swichi ikiwa katikati ya hatua mbili, inagusa nini?"

Nikafikiri. "Haigusi kitu."

"Na programu yako inasema nini ikikosa anayegusa?"

Nikafungua daftari. Pale ambapo hakuna pini iliyo chini, nilikuwa nimeandika jibu liwe hasi moja. Nilidhani hasi moja ni kusema hakuna. Lakini katika Python, ukiomba kitu cha hasi moja kwenye orodha, unapewa kitu cha mwisho, na cha mwisho kwenye orodha yangu kilikuwa besi. Kila mara mkono ulipokuwa njiani, programu ilidhani nimefika mwisho.

"Na hata ikigusa," fundi akaendelea, "ule mguu wa shaba hautulii papo hapo. Unarukaruka kidogo. Usiuamini mara ya kwanza. Soma, subiri, soma tena. Majibu yakifanana, ndipo uamini. Asipoonekana mtu, baki ulipokuwa."

Nilipenda maneno hayo kuliko yote niliyojifunza Majengo. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka zaidi ya thelathini, nimekaa kwenye mabaraza mengi, na nimeona ni mara ngapi tungejiokoa na aibu kwa kusoma mara mbili. Nikaandika mistari hiyo kwa furaha. Nikaweka kusubiri kwa nusu sekunde nzima. Sasa mtu angeweza kuvuka hatua zote haraka bila kisanduku kutoa sauti yoyote, mpaka mkono utulie. Ndipo wimbo uanze.

Wakati huo sikujua kwamba ukimya huo mzuri ulikuwa unanifichia jambo.

Nilimkabidhi kisanduku alasiri, barazani. Nikauweka mkono wake juu ya kitufe.

"Hatua ya kwanza kabisa, huku kushoto, ni kimya. Ya pili ni wote pamoja. Zinazobaki nimezipanga kama kwaya inavyosimama, moja moja kutoka kushoto."

Akatabasamu. "Hapo umefikiri, Baba. Sina haja ya kukariri namba."

Siku kumi zilizofuata zilikuwa za heri katika nyumba yetu. Nilikuwa nakata majani, nasikia kak, kak, kak, halafu kinanda, halafu yeye akikifuata. Hakuniita hata mara moja. Mara mbili nilijisogeza barazani kwa kisingizio cha kutafuta panga, nikitamani kuitwa, nikaambiwa, "Kuna nini? Nenda, unanipotezea mstari."

Alikuwa na lalamiko moja tu. "Mwalimu wa kwaya mwaka huu ametushusha chini mno. Au ni koo langu limezeeka?"

"Makoo yetu yote, Mama," nikamjibu kwa upole. Kwangu wimbo ulikuwa mpya, na kinanda hakina jinsia.

Jumamosi iliyotangulia juma la sikukuu, nilimsindikiza kwenye mazoezi. Alitembea mbele yangu nusu hatua, kama mtu anayejua kitu ambacho wengine hawajui. Kwaya ikasimama, mimi nikakaa kwenye benchi la mbele, mahali petu wazee wa kanisa. Wimbo ukaanza. Katika mstari wa pili nikaona wanaume wa sauti ya tatu wanageuza vichwa. Mwalimu wa kwaya akanyamazisha kinanda, akaanza tena, akanyamazisha tena.

"Mama," alisema kwa adabu, "unachoimba kiko sawasawa kabisa. Ila ni sauti ya tatu."

"Mama yetu amehamia kwa wanaume!" mama mmoja akadakia, na kwaya nzima ikacheka, kicheko cha watu wanaompenda. Naye alicheka. Wakarudia. Akajaribu kuwafuata wenzake wa sauti ya pili kwa sikio, lakini kila wimbo ulipopanda yeye alishuka, mpaka mwishoni nikaona midomo yake inacheza bila kutoa sauti.

Njiani hakutembea mbele. Alishika mkono wangu mpaka nyumbani. Akaingia chumbani, akatoka na sare yake imekunjwa, akaiweka mezani.

"Jumatatu uwapelekee. Nimejifunza siku kumi kwa bidii yangu yote, na bado nimechanganya. Sasa si macho peke yake."

Hapo ndipo nilipoogopa. Alidhani akili yake nayo inamwacha.

Nilifungua kisanduku, nikafuata kila waya kwa kidole. Zote zilikuwa mahali pake. Nikasoma programu mstari kwa mstari. Pini ya tatu, sauti ya kwanza. Ya nne, sauti ya pili. Ya tano, ya tatu. Ya sita, besi. Nikacheza faili moja moja. Kila moja ilikuwa kama ilivyotumwa. Niliweka mikono mapajani, nikamwomba Mungu anionyeshe, kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa mwalimu mwenye busara. Nilimwita mwanafunzi.

"Mama, nionyeshe unavyoizungusha."

"Ya nini tena?"

"Nionyeshe tu."

Akashika kitufe, akakizungusha haraka kwa mkono wa mazoea. "Kimya. Wote. Besi. Sauti ya tatu. Sauti ya pili. Hapa." Akatulia, na kinanda kikaanza kupiga sauti ya tatu.

"Kwa nini besi kwanza?"

"Si ulisema kama kwaya inavyosimama?" Akasimama wima pale barazani, akanyoosha mkono wa kushoto. "Besi wako huku mwisho. Wanafuata hawa wa sauti ya tatu. Kisha sisi. Sauti ya kwanza wako huku," akanyoosha wa kulia, "karibu na dirisha."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, tunatazamana. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeitazama kwaya ile kutoka benchi la wazee, na kwangu sauti ya kwanza wako kushoto. Sikuwahi kusimama mahali anaposimama yeye. Na kwa kuwa nilikuwa nimemlainishia swichi ipite kimya, hakupata nafasi ya kusikia kwamba ile anayoivuka akidhani ni besi ilikuwa sauti ya kwanza. Zingine hazikuwa zake, kwa hiyo hakusimama kuzisikiliza.

Nilitoka hadi mpakani mwa kihamba, nikakata jani moja la isale. Kwetu Uchaggani, aliyekosa humpelekea isale aliyekosewa, na aliyepelekewa harudishi, hana budi kusamehe. Nilishuhudia baba yangu akilipokea kutoka kwa jirani ambaye walikuwa hawajasemezana tangu nizaliwe. Nikarudi, nikaliweka katika kiganja chake.

Alilipapasa kutoka shina hadi ncha. "Hii ni isale."

"Ndiyo."

"Umeua mtu?"

"Nimekufundisha sauti ya tatu siku kumi."

Nikamweleza. Mwanzoni alikunja uso, kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa lile jani. "Kwa hiyo sikuchanganya?"

"Hukukosea hata noti moja. Ulijifunza nilichokupa."

"Na mwalimu wa kwaya hakutushusha chini."

"Hakuwashusha."

"Na koo langu?"

"Koo lako halina shida, Mama."

Akalikunja jani, akaliweka mfukoni. "Nimelipokea. Haya, rekebisha kisanduku chako."

Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja. Nilizigeuza zile sauti nne kwenye orodha, ya mwisho ikawa ya kwanza. Hakuna waya uliosogezwa. Nilipomsimulia fundi kwa simu, nilimsikia anazuia kicheko. "Mwalimu, swali la kwanza ni mtumiaji amesimama wapi. Nilidhani wewe ndiye uliyetufundisha kuchora mchoro kabla ya kuunganisha." Akashauri nirekodi sauti yangu ikitaja kila hatua. Nilimpelekea mke wangu shauri hilo.

"Sauti yako naisikia kutwa," akasema. "Inatosha."

Ikabaki juma moja. Nilidhani yaliyo magumu yamekwisha, lakini sauti ya tatu ilikuwa imeshajenga makao ndani yake. Alianza vizuri, akifika mstari wa pili anashuka kwa mazoea, anajikatiza, anarudi. Kak, kimya. Kak, wimbo. Sare haikwenda popote. Jumatatu nilijifanya nimesahau, Jumanne naye akajifanya amesahau kunikumbusha, na tukawa tunakula pembeni yake kana kwamba ni mgeni aliyelala mezani. Katika sala ya jioni aliomba mvua, akawaombea watoto na wagonjwa wa mtaa wetu. Kuhusu wimbo hakusema kitu, nami nikauombea kimoyomoyo.

Ijumaa jioni nilikuwa zizini niliposikia ameanza na kinanda, kisha nikasikia kak, kinanda kikanyamaza, yeye akaendelea peke yake. Akapita mstari wa pili. Akapita wa tatu. Niliacha kumwaga maji nikashikilia ndoo hivyo hivyo mpaka akafika mwisho.

Nilipoingia ndani, sare haikuwa mezani. Alikuwa ameishika kwenye mapaja. "Hebu tazama kifungo cha juu," alisema. "Nahisi kimelegea. Sitaki kusimama mbele za watu hivyo."

Nikakishona mimi.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa harufu ya ndizi mbivu na mahindi. Kwaya iliposimama, nilifumba macho, nikajaribu kuwapanga kama anavyowapanga yeye, besi kushoto, sauti ya kwanza dirishani. Wakaimba. Nilimtafuta kwa sikio, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia sauti ya pili, siyo kama sehemu ya kelele nzuri, bali peke yake, ikitembea chini kidogo ya wengine na kuwabeba.

Katika ubeti wa tatu kuna mahali ambapo wote hunyamaza na waimbaji wa sauti ya tatu huingia peke yao. Mwimbaji wao mkubwa alikuwa amefiwa na shangazi Sanya Juu, hakuwepo, na waliobaki wakatazamana. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono na hakuna aliyeingia. Kisha sauti moja ya mwanamke mzee ikaingia, mahali penyewe, kwa noti zenyewe. Aliwaimbia nusu mstari. Walipomfikia, akawaachia, akarudi kwenye sauti yake ya pili.

Nilifumbua macho. Wazee wenzangu waliniangalia, nami nikajifanya natafuta namba ya wimbo kitabuni.

Nje, mmoja wa wale wanaume alikuja hadi tuliposimama. "Shikamoo, Mama. Leo umetushika mkono."

"Marahaba, mwanangu. Mkipotea tena msihangaike, mimi niko palepale kulia kwenu." Akanigusa kiwiko. "Kulia kwetu sisi waimbaji. Siyo kulia kwa huyu."